Theodosia wa Kiwanja cha Ndege

Miaka ile nilikuwa dereva wa Land Rover ya wilaya pale Kasulu. Kila ndege iliyotua, mimi Evaristi ndiye niliyepeleka abiria kiwanjani na kuwarudisha mjini waliofika. Kwa hiyo nilimwona Theodosia tangu siku aliposhika kazi isiyokuwa yake mpaka ilipokuwa yake.

Kiwanja chenyewe usikifikirie kuwa kama vile vya miji mikubwa. Ilikuwa njia moja ya udongo mwekundu na nyasi, urefu wake unakaribia kilometa moja, imelala juu ya mgongo wa kilima. Pembeni palikuwa na banda la mabati lenye benchi mbili, mizani ya kupimia kahawa tuliyoazimwa na chama cha ushirika, ndoo nne nyekundu zilizojaa mchanga wa kuzimia moto, na mlingoti wenye mfuko mrefu wa kitambaa wa kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Mtunza kiwanja alikuwa Felisiani, mume wa Theodosia na rafiki yangu wa siku nyingi. Felisiani ni mtu mwema, ila moyo wake wote ulikuwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Hata akiwa kazini ungemkuta anatazama maua ya miti zaidi ya anavyotazama angani.

Mwishoni mwa mwaka sabini na sita, ndege ya madaktari ilikuwa tayari inazunguka juu yetu wakati ng'ombe wanane walipoingia katikati ya njia. Felisiani akawakimbilia na fimbo. Ng'ombe wakatoka, lakini yeye akaingiza mguu kwenye shimo la muhanga, yule mnyama anayechimba ardhi usiku kutafuta mchwa. Mguu ukavunjika chini ya goti. Ndege ilitua salama, na mtu wa kwanza kupakiwa garini mwangu siku ile alikuwa mtunza kiwanja mwenyewe. Nikampeleka hospitali ya Kabanga.

Theodosia alifika jioni na kikapu cha chakula. Alikuwa mwanamke mrefu, mama wa watoto wanne, na watu walizoea kumwita Mama Kipriani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alimtazama mumewe, akautazama mguu uliofungwa plasta, akakaa kitandani.

"Alhamisi kuna ndege," Felisiani akasema. "Nani ataondoa ng'ombe?"

"Nitaondoa mimi."

"Na abiria nani atawapima uzito?"

"Nimepima maharage sokoni tangu sijaolewa. Nitashindwa watu?"

Felisiani alicheka mpaka mguu ukamuuma. Yakaisha hapo. Hakuna aliyeandika barua, hakuna aliyeomba ruhusa kwa mtu.

Alhamisi nilipofika na abiria, nilimkuta ameshafika tangu alfajiri. Alikuwa amewaita wenye ng'ombe wa pande zote nne, akawagawia siku za ndege, na kila mmoja akakubali kufunga mifugo yake mpaka ndege iondoke. Jambo hilo Felisiani hakulifikiria kwa miaka mitano. Halafu akageukia mashimo. Kila asubuhi alipanda baiskeli ya mumewe, akafunga nyuma sufuria pana iliyojaa maji, akaendesha kutoka mwisho mmoja wa njia mpaka mwingine. Popote maji yaliporuka, alishuka, akachomeka kijiti, akaendelea. Akirudi alijaza changarawe pale penye kijiti na kushindilia kwa mchi wa kutwangia.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "huo mchi utakuja kutwangia nini tena?"

"Huu ni wa serikali sasa," alijibu. "Nyumbani nimenunua mwingine."

Mfuko wa upepo ulikuwa umechanika, umebaki kama tambara la jikoni. Aliupeleka kwa Khatibu, fundi cherehani wa mjini. Khatibu akaugeuzageuza, akasema hajawahi kushona kitu kama kile na hajui aanzie wapi. Theodosia akamwambia, "Shona mguu mmoja wa suruali ya mtu mnene sana, halafu usimshonee mguu wa pili." Ulitoka mzuri ajabu, mistari myeupe na myekundu, na Khatibu kila akisikia ndege alitoka nje ya duka lake kuutazama.

Lakini kilichompa sifa mjini ni Bi Mwajabu. Huyu alikuwa mke wa Khatibu, mfanyabiashara wa vitenge na khanga, mama mwenye mwili wake na heshima yake. Siku hiyo alikuwa anasafiri kwenda Tabora kwenye harusi ya mdogo wake. Mambo yote yalikwenda vizuri mpaka alipoambiwa apande kwenye mizani.

"Mimi si gunia la kahawa," akasema.

"Rubani lazima ajue uzito wa kila mtu, Bi Mwajabu. Ndege ni ndogo."

"Basi niandikie wowote unaoona unafaa."

Wanaume sita tulikuwa tumesimama pale, na nadhani kuna aliyetabasamu. Theodosia alitutazama, akatuamuru tugeuke tutazame kilima. Tukageuka wote, hata mwalimu mkuu wa shule. Tukasikia kitenge kinafungwa kati ya nguzo mbili za banda, tukasikia mizani inagonga.

"Umeandika ngapi?" ilikuwa sauti ya Bi Mwajabu.

"Nimeandika kwenye karatasi na nimeikunja. Rubani peke yake ndiye atakayeisoma."

"Na rubani akitangaza?"

"Rubani hajui Kiswahili."

Bi Mwajabu akapanda ndege anacheka. Aliporudi kutoka Tabora alileta kitenge kipya kwa ajili ya lile pazia, na tangu hapo wanawake wa mjini waliokuwa wanaogopa ndege kwa sababu ya mizani tu wakaanza kusafiri.

Felisiani alirudi baada ya miezi minne, anatembelea fimbo. Nilimleta mwenyewe. Aliteremka, akaitazama njia ilivyonyooka, akayatazama mawe ya pembeni yaliyopakwa chokaa moja baada ya jingine mpaka mwisho wa kilima, akakaa kwenye benchi. Baadaye aliniambia, "Evaristi, hapa mimi narudi kufanya nini? Kuharibu?" Basi wakakubaliana wao wawili: Theodosia afanye kazi, yeye aje siku za ndege kusaini daftari, maana jina lililoandikwa serikalini lilikuwa lake. Siku nyingine zote alikwenda kwenye mizinga yake. Kasulu nzima ilijua, na hakuna aliyeona kuwa ni habari.

Katikati ya mwaka sabini na saba ukaja mpango mkubwa. Pale hospitali watu wenye mtoto wa jicho walikuwa wengi, na madaktari wawili wa macho waliokuwa wanafanya kazi Bujumbura walikubali kuja kuwapasua kwa siku kumi. Vyombo vyao havikuweza kuvumilia barabara ya Manyovu, ile itokayo mpakani, kwa hiyo waliomba ndege yao itue Kasulu moja kwa moja. Ndege kutoka nchi nyingine si kitu cha kutua popote. Panahitajika uhamiaji, panahitajika forodha, na kiwanja kiwe kimekaguliwa. Mkaguzi akatumwa kutoka Dar es Salaam.

Nilimpokea Kigoma kwenye stesheni ya treni. Aliitwa Ndugu Abbasi, mtu wa Pangani, mwembamba, suti ya Kaunda, miwani, na mkoba uliojaa kamba za kupimia. Njiani aliniuliza mtunza kiwanja anaitwa nani. Nikasema, "Kwenye karatasi ni Felisiani." Akaandika Felisiani. Mimi nikaendelea kuendesha.

Tulipofika, Theodosia alikuwa anashindilia udongo, mchi mkononi. Felisiani alikuwa ameitwa akaja haraka, bado ana harufu ya moshi wa nyuki. Ndugu Abbasi akampa mkono.

"Wewe ndiye Felisiani? Hongera. Sijaona kiwanja cha udongo kilichotunzwa hivi tangu mwaka huu uanze. Unafanyaje?"

Felisiani angeweza kupokea zile pongezi. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akavua kofia. "Ndugu mkaguzi, mimi nasaini tu. Anayefanya ni huyu mke wangu. Tangu nivunjike mguu."

Ndugu Abbasi akafungua daftari lake, akalifunga. Niliwaza mshahara umekwenda, na ndege ya madaktari imekwenda nao.

"Mama," akasema hatimaye, "unajuaje kama njia imenyooka?"

Theodosia akamweleza habari ya baiskeli na sufuria. Mkaguzi akaomba hiyo sufuria. Akaijaza maji mwenyewe, akapanda garini mwangu kiti cha mbele, akaipakata.

"Dereva, nenda kilometa themanini kwa saa, usipunguze."

Kabla sijawasha gari, Theodosia akaja dirishani. "Ndugu, ukifika jiwe la saba upande wa kushoto, maji yataruka. Pale nimejaza juzi, udongo haujashika. Nilikuwa naomba siku tatu zaidi."

Nikaondoa gari. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu, maji yanatikisika tu kama chai mkononi mwa mtu mzima. La sita, vilevile. La saba, gari likaruka kidogo, na maji yakammwagikia Ndugu Abbasi kwenye suruali yake ya Kaunda. Baada ya hapo halikumwagika tone mpaka mwisho.

Alishuka ameloa mapajani. Theodosia akampa pole. Yeye akasema, "Viwanja vingi nimeambiwa havina kasoro, nikazikuta. Hapa nimeambiwa kasoro iko wapi, nikaikuta palepale." Akapima mambo yake mengine, akahesabu ndoo za mchanga, akautazama mfuko wa upepo kwa muda mrefu.

Tulipokuwa tunarudi Kigoma, kwenye daraja moja la njiani, ndipo aliponiuliza. "Dereva, wewe ulijua?"

"Nilijua, ndugu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza anaitwa nani. Hukuniuliza anayefanya kazi ni nani."

Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Baada ya wiki tatu zilikuja barua mbili. Moja iliruhusu ndege ya Bujumbura kutua Kasulu. Ya pili ilimwajiri Theodosia kuwa mtunza kiwanja, jina lake limepigwa taipu kamili, na ikamshukuru Felisiani kwa utumishi wake. Felisiani aliisoma ile ya pili mara tatu kwa sauti, kisha akaenda nayo mpaka sokoni ili watu waisome na wao.

Siku ya ndege, banda letu lilikuwa na meza ya uhamiaji, meza ya forodha na kamba ya kuzuia watu. Watu walijaa mpaka barabarani. Saa mbili asubuhi ukungu ulikuwa umefunika kilima chote, na tukaisikia ndege inapita juu bila kuiona. Ikapita tena. Afisa uhamiaji akaanza kusema watageuza. Theodosia alikuwa anatazama mfuko wa upepo, ambao ulianza kujaa polepole. "Wasubiri kidogo," akasema, kana kwamba rubani anamsikia. Na kweli, upepo ukausukuma ukungu bondeni, njia ikajitokeza na mawe yake meupe, na ndege ikashuka. Theodosia alisimama mbele yake na vitambaa viwili, akaiongoza mpaka mahali pa kusimama, kwa mikono iliyotulia kuliko ya askari wa barabarani.

Walishuka madaktari wawili na muuguzi wa Kirundi. Afisa uhamiaji alikuwa amejiandaa na Kifaransa cha maneno manne. Kabla hajakitumia, Theodosia alimwambia yule muuguzi, "Mwakeye," salamu ya asubuhi ya lugha yetu ya nyumbani, iliyo jirani na Kirundi, naye akamjibu kwa Kirundi, wakashikana mikono wakaendelea kuongea kana kwamba wametoka kuteka maji kisima kimoja. Mhuri wa afisa ulikuwa umeandikwa Kigoma, kwa hiyo kwenye kila pasipoti alikata neno hilo na kuandika Kasulu kwa kalamu, taratibu, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kwa siku kumi zile walipasuliwa watu zaidi ya mia. Mmoja wao alikuwa Rosa, mama yake Felisiani, aliyekaa miaka tisa bila kuona, nyumba yake iko chini kidogo ya kiwanja, ndege akizisikia tu.

Siku ya kuondoka wageni walipimwa nyuma ya pazia kama watu wote. Felisiani alikuwa amewafungia madebe manne ya asali. Theodosia akayapima, akapiga hesabu na rubani kwa vidole, akamrudishia mumewe mawili. Felisiani alilalamika, akaambiwa ndege haipandi kwa upendo. Madaktari waliucheka ubishi ule ingawa hawakuelewa neno.

Rosa nilikuwa nimemkalisha kwenye kiti cha mbele cha gari, kitambaa kimetolewa machoni asubuhi ileile. Ndege ilikimbia mpaka mwisho wa njia, ikainuka, ikapita juu yetu na kuelekea magharibi. Bibi aliifuata kwa macho mpaka ikawa nukta.

"Ndiyo hiyo?" akaniuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Kumbe ndogo hivyo," akasema, "na makelele yote yale."

Theodosia alicheka akashikilia mlango wa gari, na alikuwa bado anacheka nilipowasha injini kumpeleka bibi nyumbani.