Siku Noreen Alipokataa Kumwandalia Mgeni Chai

Pai za nyama za kiwanda cha Holroyd huliwa bonde zima la Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, na kingo zake, zile zilizofinywa kama ukili wa mkeka, ni kazi ya vidole vya mwanamke mmoja kwa miaka ishirini na miwili. Noreen Sugden. Mjane, hana mtoto, ana paka na kazi. Mwondolee kazi, atabaki na paka.

Kisha baridi yabisi ikamwingia. Ilianza vidoleni, ikashuka nyongani, ikapiga kambi magotini. Vidole alivibembeleza kwa maji ya moto vikamsikia, magoti yakagoma. Na kutoka kituo cha basi hadi kiwandani ni kilima cha mawe, na kufinya pai ni kusimama kwa muda wa saa saba. Akaanza kuchelewa. Bwana Holroyd, ambaye wala si mtu mbaya, akamwita pembeni huku akiisokota kofia yake. Kule "mpenzi" ni neno la kumwitia mtu yeyote.

"Noreen, mpenzi, nakupa mpaka Pasaka. Kama huwezi kufika kwa wakati na kumaliza zamu, mimi sina la kufanya tena."

Sasa, upo mfuko wa serikali kwa watu wa namna yake. Mwenye ulemavu aliye kazini huomba, na serikali humlipia teksi ya kumfikisha, au kiti cha kufanyia kazi. Noreen akapiga simu, wakamhoji.

"Unapata shida kupanda kilima?"

"Aa, si sana. Najikongoja."

"Na kusimama je?"

"Wapo wenye hali mbaya kuliko mimi, mpenzi."

Hapo ndipo alipojikwaa. Bonde lile, mtu akiangukiwa na ukuta atakwambia hajambo kidogo, samahani kwa vumbi. Kulalamika ni aibu kuliko kulewa kanisani. Jirani akisikia "najikongoja" huelewa, huja na bakuli la supu. Lakini yule wa kwenye simu hakuwa jirani. Aliandika alichosikia. Baada ya wiki tano barua ikaja: maombi yamekataliwa, kwa kuwa mwombaji anamudu.

Thelma Barraclough, anayefinya naye pai meza moja, aliisoma kwa sauti wakati wa mapumziko, mdomo umejaa biskuti.

"Anamudu! Nani anamudu? Jana si nilikuvua viatu kama mtoto?"

"Nilijibu nilivyolelewa na mama."

"Mama yako, Mungu amrehemu, alikufa na jiwe la figo kubwa kama kiazi, daktari hajaitwa. Ndiko unakotaka kwenda?"

"Usimseme mama yangu, Thelma."

"Simsemi yeye, nakusema wewe! Wamekupa mwezi uombe waangalie upya. Ama uwaambie ukweli, ama uniachie meza. Na pai zangu mimi zina kingo kama masikio ya mbwa, kila mtu anajua."

Noreen hakucheka. Aliikunja ile barua mara nne. Kilichompanda kifuani hakikuwa huzuni, kilikuwa hasira, wala haikuwa hasira ya ofisi peke yake. Miaka yote ile aliyaficha maumivu kama mtu anayemficha mwizi ndani ya nyumba yake, na mwizi mwenyewe anamwibia yeye.

Akaandika upya, kurasa sita. Kwamba asubuhi hushuka ngazi kwa makalio. Kwamba kopo la maharage hukaa mezani likimngoja mtu wa posta aje alifungue. Kila sentensi ilimchoma uso. Mwishoni akaongeza: "Kama hamniamini, njooni mwone. Njooni siku ya kazi."

Wakamtuma mtu, Bwana Pugh, tai shingoni, mkoba kifuani, Jumanne ya mvua. Noreen alikuwa amemtaka wakutane kituoni, si kiwandani.

"Haya, tupande wote," akamwambia.

Kilima kile mtu mzima wa afya hukipanda kwa dakika nne. Siku ile walitumia ishirini na tano. Mara tatu Bwana Pugh alimnyooshea mkono, mara tatu Noreen akaukataa.

"Kesho hutakuwepo, bwana. Wewe tazama nitakavyofika bila wewe."

Katika chumba cha mapumziko mgeni akakaa, koti linachuruzika maji. Na kule, mgeni aliyelowa hupewa chai kabla hajapumua. Birika lilikuwa rafuni. Noreen akaweka viganja mezani ainuke, tabasamu tayari usoni. Thelma, aliyeketi kando yake, akakohoa, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

Noreen akajirudisha kitini. Masikio yalimwaka moto.

"Chai utajitengenezea, Bwana Pugh. Birika lile pale. Mimi likiwa na maji siwezi kulinyanyua."

Bwana Holroyd, aliyesimama mlangoni, akatazama dari. Maneno kama yale hayajawahi kusikika chumbani mle. Bwana Pugh akainuka, akatengeneza vikombe vinne, vyote vibaya, akatoa kalamu.

"Je, unaweza kusimama zamu nzima?"

"Naji..." Neno lilimfika menoni. Akalimeza. "Siwezi. Saa moja tu, nachungulia kaburi. Lakini nipe kiti cha kupanda na kushuka, hapatoki mtu bonde hili wa kunishinda kufinya pai. Andika na hilo. Andika yote mawili. Sikukuita hapa unionee huruma, nataka kufika kazini."

Akaandika.

Kiti kikaja wiki moja kabla ya Pasaka, pamoja na barua ya teksi ya miaka mitatu, kisha aombe tena. Bwana Holroyd akanung'unika kwamba kiti kinaziba njia ya trei.

"Basi hamisha trei," akasema Noreen.

Asubuhi ya kwanza teksi iliposimama mlangoni, Seth Ogden wa nyumba ya pili alikuwa nje anaburuta pipa la taka. Akaitazama teksi, akamtazama yeye.

"Haa! Kodi zetu sasa zinapanda teksi!"

Zamani Noreen angerudi ndani angoje aondoke. Siku ile alishusha kizingitini mguu mmoja, kisha wa pili, polepole, mbele ya macho ya mtaa mzima, akafika kwenye gari.

"Na zangu zimo humo humo, Seth. Za miaka thelathini na minne, tangu kabla ya pai. Ukiwa na neno jingine niandikie barua. Siku hizi nazijibu." Akaketi, akamgeukia dereva. "Twende, mpenzi. Saa moja ikigonga nataka inikute nimeshakaa."