Pungu Watatu wa Mtaa wa Golf

Kila nikipita mahali wanapokata triplex, zile mbao nyembamba zilizobandikwa kwa gundi, pua yangu hunirudisha Kamalondo, mtaa wetu wa utotoni. Msumeno ukiikata gundi ile, hutoka harufu kali, chungu kidogo, kama maganda ya chungwa yanayoungua. Karakana ya baba ilinuka hivyo, na baba mwenyewe alinuka hivyo, hata siku ya Idi, ndani ya kanzu iliyopigwa pasi ya makaa. Mama alipenda kusema kwamba mume wake alioa triplex kwanza, yeye akaja mke wa pili.

Baba aliitwa fundi Ramazani. Wazee wake walitoka Maniema wakaja Lubumbashi na useremala wao, naye akaurithi. Mimi, binti yake wa pekee, nilipewa kazi ya kunyoosha misumari iliyopinda, na niliifanya kwa majivuno makubwa, kana kwamba bila mimi mji mzima ungelala chini kwa kukosa vitanda.

Kiangazi kimoja, vumbi jekundu likiwa limefunika hata majani ya mipapai, jeep nyeupe ilisimama mbele ya karakana. Akashuka bwana mmoja mwenye marashi mazito. Watu walimwita Patron Guylain, na hakuna aliyejua vizuri anauza nini.

"Fundi, minataka masanduku tatu ya bandeke," alisema, akimaanisha ndege. "Ya njiwa."

Akaeleza: yawe membamba, matundu madogo kwa juu, mwanga usiingie. Baba akauliza ni njiwa gani hao wanaolala gizani kama mahabusu. Patron akacheka, baba naye akacheka, na kazi ikaanza.

Masanduku yalipokwisha tukayapakia kwenye pikipiki ya matairi matatu ya jirani, tukayapeleka Golf. Mimi nilikuwa nimeomba sana niende. Golf ni mtaa wa kuta ndefu na maua yanayomwagika juu ya kuta, na kwa akili yangu ya wakati ule hata mbwa wa huko walibweka kwa adabu. Mlinzi akatufungulia lango, tukaelekezwa garaji, nyuma ya nyumba.

Kabla sijaona kitu nilisikia harufu ya nyama iliyokaa. Kisha macho yakazoea giza. Ndege watatu wakubwa walikuwa wamelala kifudifudi juu ya magunia, mabawa yamefungwa kwa vipande vya kitenge. Weusi, mkia mfupi, uso na miguu myekundu kama pilipili iliyoiva. Nilikuwa nimewaona pungu, tai wale, mara nyingi njia ya Kipushi, lakini juu kabisa, wakiyumba hewani kama mtu anayejaribu kutembea juu ya kamba. Sikujua kama ni wakubwa hivyo. Sikujua kama wana kope.

Kope zao zilikuwa zimeshonwa. Uzi mweupe, mwembamba, kama ule wa mama wa kudarizi, ulipita kope ya chini ukavutwa hadi kichwani, ukafungwa fundo. Wote watatu walikuwa kimya. Nadhani kimya kile kiliniogopesha kuliko ule uzi.

Baba aliliweka sanduku chini polepole. "Patron, hii haiko njiwa."

"Ni bandeke tu, fundi."

"Sheria inakataza kushika hii."

"Iko na makaratasi yote. Kesho inavuka mpaka wa Mokambo, kule kuko bantu benye kupenda tai. Wee njo fundi wa mbao, hapana fundi wa sheria."

Baba akasema masanduku hatayaacha. Patron hakukasirika. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika shavu kwa vidole vyenye marashi, akatabasamu.

"Na wewe, mama, jina nani?"

"Zaina."

"Unasomaka wapi?"

Nikamtajia shule, na darasa, na hata jina la mwalimu, kwa sauti ya mtoto anayejua kujibu wakubwa. Mkono wa baba ukaniangukia begani, mzito, ukanivuta nyuma. Hakusema tena habari ya masanduku. Alisimama akiwatazama wale ndege, kisha akaongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kuomba.

"Ule wa mwisho iko mugonjwa. Haitafika. Unipatie ule."

Patron akainua mabega. "Beba. Itakufia."

Tukayaacha masanduku, tukarudi Kamalondo na pungu mmoja ndani ya gunia mapajani mwangu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, na moyo wake ulipiga haraka hadi nikausikia kwenye magoti. Jirani mmoja alipochungulia uani alikimbia akisema tumeleta uchawi. Mama akaingia ndani. Alileta mkasi wake mdogo, akakaa chini, akamfunga ndege kwa kitenge chake mwenyewe, akamkumbatia kama anavyokumbatiwa mtoto anayechomwa sindano. Baba akakata uzi.

Jicho moja lilikuwa limekauka. La pili likafunguka taratibu, jeusi, lenye maji, likatutazama mmoja mmoja.

"Iko natuona," nilisema, nikaanza kuruka uani kwa furaha. Niliamini tumemaliza. Kwangu mimi mambo yote mabaya yalikuwa ni huo uzi tu.

Ndege hakula. Mama alimkatia maini madogo madogo, baba akamlowesha mdomo kwa maji. Asubuhi tulimkuta amelala ubavu, jicho lake zima likiwa wazi.

"Na bale bengine wawili?" niliuliza.

"Bamevuka."

"Twende kusema kwa ba serikali, baba!"

"Nyamaza, Zaina. Ilishakwisha."

Aliyasema hayo akinigeuzia mgongo, akiwasha moto wa gundi. Kwa miaka mingi niliamini hakufanya kitu zaidi ya hapo. Nilimpenda, lakini penye jambo lile niliacha nafasi tupu moyoni.

Baba amefariki sasa. Mwaka jana, tukichambua sombe, majani ya muhogo, jikoni, mama alinieleza kama anayetaja bei ya chumvi. Kwamba jioni ileile, kabla ndege hajafa, baba alivaa shati lake safi akaenda ofisi inayolinda wanyama. Akafika getini. Ndani, chini ya kivuli, jeep nyeupe ilikuwa imeegeshwa, na Patron alikuwa ameketi na mkubwa wa ofisi, wanakunywa soda na kucheka. Baba akasimama kidogo. Kisha akageuka.

"Patron alijua kwenye unasomaka. Njo maana alikuwa anakupeleka ku masomo," mama akasema.

Nikaacha kuchambua. Ni kweli: muhula ule wote baba alifunga karakana kila asubuhi na kunisindikiza hadi mlangoni mwa darasa, na mchana alikuwa ameshafika langoni kunisubiri, vumbi la mbao kwenye nyusi. Wenzangu walinionea wivu. Mimi nilimshika mkono, nikamhadithia masomo yote njia nzima, nikidhani ananisikiliza, naye alikuwa akitazama kila gari jeupe linalokuja nyuma yetu.