Mlango wa Bibi Unapobisha

Saa saba mchana karakana ya ndege iko kimya. Mafundi wengine wameenda kula. Mwanamke wa miaka hamsini na minane anapanda ngazi ya chuma, anatoa sarafu mfukoni na kuanza kugonga ubavu wa ndege ya mizigo, shubiri kwa shubiri, sikio limetegwa. Bati zima hulia kwa sauti kali. Bati bovu hutoa sauti iliyofifia.

Kazini wanamwita Mama Sikio. Ndege yenyewe wanaiita Bibi: ina miaka arobaini na mmoja na saa 71,300 za kuruka. Ni zaidi ya miaka minane hewani, usiku na mchana.

“Mlango wa nyuma ni mkongwe kuliko Bibi mwenyewe,” anasema. “Ulitoka kwenye ndege iliyokatwa vipande. Marehemu mume wangu ndiye aliyeufunga.”

Mumewe, fundi pia, alikuwa na mazoea: akimaliza kazi, hugonga mara tatu kwa kidole. Alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Tangu hapo, kila Bibi anapotua, mlango ule hubisha mara tatu kutoka ndani.

Wenzake humcheka. Chuma kinapoa, wanamwambia.

“Hata mimi nilisema hivyo hivyo,” anakiri. “Mtu mzima na akili zangu, niogope mlango?”

Mwezi uliopita Bibi alitua na mlango ukanyamaza. Kipimo cha umeme cha kutafuta nyufa hakikuona kasoro, na rubani aliyesubiri kuruka tena alikuwa binti wa Mama Sikio, kitinda mimba wake.

“Mama, unaniaibisha! Mashine imesema ni salama.”

“Basi mashine itie sahihi.”

Bila sahihi yake ndege hairuki. Mafundi walibandua bitana ya ndani huku wakinung’unika, wakakuta ufa wa urefu wa kiganja karibu na bawaba. Binti aliketi sakafuni na sare yake.

Ufa umezibwa. Bibi amebakiwa na saa 700 kabla ya kustaafishwa, na Mama Sikio ameapa kustaafu siku hiyo hiyo.

“Naomba mwanangu azimalize akiwa mzima, basi. Mlango nitaubeba nyumbani. Nimeshaupimia nafasi sebuleni.”

Anamwita mwandishi wa makala haya apande ngazi, atege sikio. Bati ni baridi. Kisha, taratibu, kutoka ndani: ngo, ngo, ngo.

Mwandishi anaruka nyuma, nusura aanguke ngazini. “Chuma kinapoa,” anasema haraka haraka.

“Kinapoa kutoka wapi, mwanangu? Haijaruka tangu juzi.”

Mama Sikio anarudisha sarafu mfukoni. Uso wake umetulia sasa. Anafungua daftari la ndege na kutia sahihi, maana kesho asubuhi binti yake anaruka.