Paka Asiyekoroma

Juzi nilimwaga mafuta ya cherehani mezani, na kabla sijashika kitambaa cha kufutia, harufu ile ilikwisha kunirudisha Fordsburg, mjini Johannesburg, ghorofa ya tatu, kwenye chumba ambacho Mama alishonea mabaibui na sare za shule. Nilikuwa na miaka minane, na niliamini kabisa kwamba mama yangu ataingia motoni kwa ajili ya paka.

Msinicheke kwanza. Ngojeni niwasimulie.

Paka mwenyewe aliitwa Kisura. Mama alipewa na Msomali mmoja mwenye duka kule Mayfair, baada ya panya kutafuna gauni la bibi harusi wa watu. Alikuwa wa kijivu, mpole, mpenda samaki wa kopo. Ila hakoromi. Bibi yangu wa Tanga alimlea Mama akimwambia kwamba paka akikoroma anavuta uradi, anamshukuru Mola wake. Paka wa Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu aliyekaa ghorofa ya chini, aliuvuta wake kama jenereta. Ukipita tu mlangoni unamsikia. Kisura wangu nilimlaza mapajani, nikamkuna kichwa, nikatega sikio mpaka shingo ikaniuma. Wapi!

Jumamosi moja madrasa, maalim akatusimulia habari ya mwanamke aliyetiwa motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia ndani. Alipofika kwenye kufungia, mimi sikusikia tena lililofuata. Mlango wetu ulikuwa na makomeo mawili na geti la chuma, na Mama hakuuacha wazi hata akitupa taka. "Hapa Joburg, siyo Tanga," ndiyo ilikuwa kauli yake. Nikaunganisha mwenyewe: Kisura hakoromi kwa kuwa hana raha, hana raha kwa kuwa amefungwa, na aliyemfunga ni Mama.

Siku tatu chakula hakikunishuka. Nilimwangalia Mama akikata mkate, nikaiona mikono ile ikiungua, nikakimbilia chooni kulia. Kumwambia sikuthubutu. Utamwambiaje mama yako jambo kama hilo? Na Mama hakuwa mtu wa maneno matamu. Sikumbuki hata siku moja aliyoniita kipenzi; aliuliza tu kama nimekula, basi, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumanne alasiri, alipokuwa amesimama kwenye msala, nilichukua funguo mezani, nikafungua makomeo, nikalisukuma geti. Kisura akanitazama, akazitazama ngazi, akashuka. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Nilidhani moyo utatulia. Badala yake nilisikia honi za teksi kule chini barabarani, na gari lililofunga breki kwa kishindo, nikaona sasa nimemuua. Nikateremka ngazi chache, nikaketi. Huko nyuma Mama alitoa salamu ya kumaliza sala, akakuta geti wazi na chumba hakina mtu.

"Mwanaidi!"

Sikuwahi kumsikia akiita hivyo. Alitokeza, akanikuta nimeketi kwenye ngazi, funguo mkononi, nalia.

"Nimemfungulia Kisura," nikasema. "Ili usiingie motoni."

Hakuuliza moto gani. Alinishika mkono, tukashuka, yeye peku, na kanga zake za kusalia. Mama, ambaye hata basi hakulikimbilia! Kule chini Mama Furaha akatoa kichwa mlangoni, chanuo mkononi.

"Munakimbia nini, maman? Paka yenu iko huku kwangu. Iliingia mbio, ikajificha chini ya kiti. Eish, inaogopa sana!"

Mama akapiga magoti, akamvuta Kisura, akamkumbatia. Tukapanda. Njiani nikamweleza yote, la maalim na la kukoroma, naye akasimama katikati ya ngazi.

"Yule hakumlisha, mwanangu. Alimfungia na njaa mpaka akafa. Wewe umeondoka na nusu ya hadithi." Kisha akasema, "Na nani kakwambia huyu hakoromi? Kila siku anakoroma hapa mapajani mwangu. Wengine ndivyo walivyoumbwa, sauti yao haitoki nje. Huyu anavuta uradi wa kimoyomoyo. Hebu weka mkono."

Nikaupenyeza mkono kati ya mikono yake, mpaka chini ya koo la Kisura. Kweli, palikuwa na mtetemo. Nikacheka na makamasi yangu.

Tangu siku ile nilijifunza kumsikiliza kwa vidole. Mkoromo wake ulikuwa mwembamba, wa mwendo mmoja, usiokatika. Haukufanana na ule wa ngazini, ambao ulikuja kwa mishtuko. Nilijiambia kwamba siku ile alikoroma kwa nguvu kwa furaha ya kurudi nyumbani.

Mwaka huu mwanangu wa miaka mitano alinipotea madukani, pale pale Fordsburg. Dakika kumi, labda. Nilipompata nilimbeba, nikashindwa kutamka neno hata moja zaidi ya kumuuliza kama ana njaa.

"Mama," akasema, "mbona unatetemeka?"

Hapo ndipo nilipojua nilichokishika siku ile. Kisura alikuwa amekauka kwa woga. Hakukoroma hata kidogo. Iliyotetemeka ilikuwa mikono ya Mama, na haikuwa kwa ajili ya paka.