Kona Niliyoiahidi kwa Kikombe cha Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ibra, Oman, nilikabidhiwa ubao mrefu wenye tarakimu nyeusi na nyekundu, nikaambiwa nikasimame nao katikati ya mawe. Nilikuwa nimevaa suruali ya tetroni na viatu vilivyong'arishwa, maana mama, kule Maskati tulikohamia, aliwatangazia majirani wote kuwa mwanawe kapata kazi ya ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa hema moja, Land Rova mbili, na Mwingereza mwenye shingo nyekundu aliyeinamia darubini ya miguu mitatu.

Huyo ndiye aliyekuwa Mhandisi Mkuu wa barabara za upande wetu. Aliwahi kutumika Tanganyika, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrishia.

"Wewe! Simama wima! Ubao akilala, kipimo naongopa!"

Mimi mtoto wa Unguja, niliyelelewa na Kiswahili cha watu wazima, nilicheka kimoyomoyo. Lakini alisema kweli. Mpimaji husoma tarakimu za ubao kwa darubini ili ajue ardhi imepanda kiasi gani na imeshuka kiasi gani. Ubao ukiinama kidogo tu, mahali pa kuchimba patajazwa na mahali pa kujaza patachimbwa. Nilishika ubao ule mpaka mikono ikafa ganzi, na jioni viatu vyangu havikuwa na rangi tena.

Nyinyi mnaopima siku hizi kwa mitambo mtanicheka. Wakati wetu, miaka ya sabini, barabara ilianza kwa miguu. Mtaupanda mlima, mtaushuka, mtalala porini, mpaka muione njia kwa macho. Ndipo mnapigilia vigingi, kila kigingi na namba yake, na mbuzi wakiving'oa mnarudia. Kubwa la kuogopa lilikuwa wadi, yaani bonde la mto mkavu. Mwaka mzima utalidharau, watoto wanacheza mpira humo, kisha mvua ya saa moja milimani inaleta maji yanayobeba ngamia.

Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Wenyeji walituita sisi tuliotoka Unguja Wazinjibari, wakitucheka kwa mapenzi, nasi tukiwacheka. Aliyenisaidia ni Hamed, dereva wetu, mzaliwa wa Ibra ambaye baba yake aliwahi kuweka duka Bububu, Unguja. Hamed alikijua Kiswahili cha dukani na mila zote za milimani, na hakuwa na haraka ya kunifunza mpaka kwanza anicheke.

Nilipokwisha kupanda cheo na kuishika darubini mwenyewe, nilipelekwa Uingereza kusomea upimaji. Mhandisi Mkuu alinitafutia makazi kijijini kwao, kwa dada yake mkubwa, bibi mjane aliyeitwa Edith. Nilitarajia Uingereza ya picha, yenye majumba na taa. Nikakuta nyumba za mawe zisizojaza mtaa mmoja wa Ng'ambo kwetu Unguja, kanisa, duka ambalo ndilo posta, na kondoo wengi kuliko watu. Asubuhi ya kwanza wazee watatu walisimama ukutani kunitazama nikifunga skafu. Siku ya pili walinisalimu. Siku ya tatu waliniuliza kama kwetu mvua imenyesha, nikajua nimefika shamba, maana watu wa shamba ni hao hao popote.

Kwa mazoezi niliipima njia ya kijiji kile. Ilikuja vizuri kutoka malishoni, ikapita kanisani, halafu ghafla ikapinda kama aliyesahau kitu nyumbani. Ilikizunguka kidimbwi kidogo chenye bata, kisha ikarudi kwenye mstari wake. Nilimuuliza Bibi Edith kwa nini hawakukifukia kile kidimbwi.

"Kwa nini wakifukie?" akasema, akinimiminia chai. "Bata walikuwepo kwanza."

Nilicheka, nikaichora kona ile kwenye karatasi zangu za mtihani. Mwalimu wangu aliisifu kwa usahihi.

Niliporudi nilipangiwa wilaya ya Dima wa Tayyin, milimani, niongoze kikosi cha upimaji kwa mara ya kwanza. Barabara ilikuwa iingie ndani kupitia kijiji kimoja kidogo kilichojibana kati ya jabali na wadi. Kilikuwa na mitende, malimau, vijaruba vya majani ya ng'ombe, na yote hayo yakinyweshwa na falaji moja, mfereji wa mawe unaoleta maji kutoka chemchemi chini ya jabali. Mstari uliochorwa Ibra ulikuwa mnyoofu kama rula. Ulikata pua ya jabali lile, hatua chache tu juu ya chemchemi, na pua hiyo isingeondoka ila kwa baruti.

Wanakijiji walitupokea vyema mno. Walituletea tende na maziwa. Siku tulipopigilia vigingi juu ya jabali, maziwa hayakuja.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, walikuja hemani kwangu wazee watatu. Mbele yao alikuwa Mzee Saif, wakili wa falaji, yaani mtu anayesimamia zamu za maji. Ujana wake alikuwa amekaa Unguja.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo?"

Nilifurahi kuwa mwenyeji. Nilitoa halua, nikamimina kahawa katika vile vikombe vidogo visivyo mkono, nikawapa mmoja mmoja kwa mkono wa kulia kama nilivyofundishwa. Wote watatu walipokea, wakashukuru, wakaviweka vikombe chini mbele yao. Tukazungumza habari ya mvua. Hakuna aliyekunywa.

Nikadhani kahawa imepoa. Nikamwaga, nikapika nyingine, nikazidisha hiliki. Wakapokea, wakaweka chini. Nikajisemea, huyu mzee kakaa kwetu, anataka kahawa ya kwetu. Nikaliteleka dele, birika letu la kahawa, mara ya tatu, nikatia tangawizi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshachanganyikiwa, nikatia na sukari. Wakapokea kwa adabu ile ile, wakaweka chini. Jasho lilinitoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na dele langu.

Nilitoka nje kwa kisingizio cha kuni. Hamed alikuwa ameegemea gari, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Ewe bwana, hata uwape maziwa ya peponi hawanywi. Wana haja! Huku kwetu mwenye haja nzito hagusi kahawa mpaka mwenyeji amuulize. Na mwenyeji akishasema kunyweni, basi kakubali. Hapana kurudi nyuma."

"Na nikikataa?"

"Watainuka na kiu yao. Na kesho usiwaombe hata maji."

Nikaacha kucheka. Nilirudi ndani, nikakaa, nikasema, "Mzee wangu, haja yako ni ipi?"

Mzee Saif alishusha pumzi. "Mwanangu, maji haya sisi tuliyakuta, na babu zetu waliyakuta. Mkilipua jabali, huenda yakabaki, huenda yakazama. Wewe ndiye mpimaji. Waweza kuniapia kuwa yatabaki?"

Sikuweza. Nilikuwa nimeuona mwamba ule, una nyufa kila upande. Hakuna aliyejua baruti ingefungua zipi.

"Usidhani hatuitaki barabara," akaendelea. "Binti yangu amefia juu ya punda, njiani, akienda hospitali kujifungua. Naitaka kuliko wewe. Lakini tukiipata barabara tukayakosa maji, barabara yenyewe itatusaidia kuhama tu. Ipindishe, mwanangu."

Nilikuwa mpimaji wa daraja la chini. Kupindisha barabara hakukuwa kazi yangu, na kutoa ahadi kwa jina la serikali ilikuwa njia ya haraka ya kumrudia mama bila mshahara. Niliogopa, sisemi uongo. Lakini vile vikombe vitatu vilikuwa pale mkekani, vimejaa, na mimi ndimi mwenyeji.

"Kunyweni," nikasema.

Wakanywa. Mzee Saif alikunja uso, akameza kwa shida.

"Kahawa yako mbaya," akasema. "Neno lako zuri."

Kesho yake niliteremka Ibra na mchoro mpya. Nilikuwa nimeuvusha mstari wadi, ukapita ukingo wa pili, ukavuka tena baada ya kukipita kijiji. Kona moja kubwa, vivuko viwili vya zege, baruti hapana. Mhandisi Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, shingo ikizidi kuiva.

"Wewe naahidi kwa ruhusa ya nani?"

"Bila ruhusa, bwana. Kwa kahawa."

Alikuwa amekaa Oman miaka ya kutosha kujua maana yake. Akapiga meza. "Barabara nyoofu ndio barabara! Kona naua watu! Mimi naweza kufukuza wewe leo."

"Najua, bwana. Lakini kijijini kwenu nimepima njia inayozunguka kidimbwi. Kule mmepinda kwa ajili ya bata. Hapa mimi naomba kwa ajili ya watu."

Aliuvuta mchoro wangu kwake, nikaanza kuwaza nauli ya kurudi Maskati. Halafu alicheka, akacheka mpaka akakohoa, akavua miwani kufuta macho.

"Dada yangu naambia wewe habari ya bata?"

"Nimeipima kona ile mwenyewe, bwana."

Alichukua ufutio, akaufuta mstari wake, akauchora wangu kwa mkono wake. "Sasa sikia. Maji ya wadi akibeba barabara yako, wewe narudi kushika ubao."

Mafuriko ya kwanza nilikwenda kuyatazama mwenyewe, nimelowa chapachapa, nikisoma kila dua niliyoijua. Yalibeba kokoto za pembeni, greda ikazirudisha. Vivuko vyote viwili vilibaki. Mwaka ule ule mama mmoja wa kijiji kile alifika hospitali Ibra kwa gari, akajifungua salama, na Mzee Saif alinitumia kikapu cha malimau.

Baada ya hapo nilihamishiwa Sur, chini ya Mkurugenzi Msudani mpole aliyependa kila kitu kirudiwe mara mbili. Kisha Nizwa, nikapima vijinjia vya Birkat al Mauz migombani, nikafundisha vijana, nikastaafu nikiwa Mkaguzi wa Barabara. Nimewaacha wengi walio hodari kunishinda. Barabara zangu nyingi ni nyoofu, na hakuna anayeuliza nani alizipima. Kazi yetu ndivyo ilivyo, ukiifanya vizuri husahauliwa, nami nimeridhika hivyo. Siwaambii mpindishe kila penye mtende. Nawaambia mkishapata mstari wenu, shukeni garini mwulize nani alikuwepo kwanza.

Juzi tulikuwa tunakwenda harusini huko ndani, mkwe wangu akiendesha. Ni kijana mzuri wa Maskati, ila anaendesha kama anayefukuzwa. Tulipofika kwenye ile kona alikanyaga breki, halua tuliyobeba ikaanguka.

"Astaghfirullahi! Mjinga gani aliyeipindisha barabara hapa?"

Binti yangu alimfinya, lakini alikwisha kuchelewa.

"Punguza mwendo, mwanangu," nikamwambia. "Mjinga mwenyewe umempakia kiti cha nyuma."

Akapunguza, kwa haya zaidi kuliko kwa adabu, na ndipo akaona kuwa ng'ambo ya wadi wanakaa watu: mitende mibichi mpaka jabalini, nguo zimeanikwa, na wanawake wanaosha vyombo kwenye maji ya falaji.