Sponji Mbili kwa Mgongo wa Futi

Hebu mtazame anavyofika. Ni saa mbili asubuhi, mlango wa karakana ya makochi umefunguliwa nusu, na msichana wa miaka ishirini na sita amesimama kizingitini, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine uko kiunoni. Haingii bado. Anangoja mgongo umpe ruhusa. Akiinua mguu, anauinua kama mtu anayevuka mtaro, na mafundi ndani wanajifanya wana shughuli nyingi wasimwone. Isipokuwa mmoja.

"Shikamoo bibi!" anasema Mrefu, mshonaji wa mito. "Wajukuu hawajambo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Sogea hapa nikuzabe kofi, mkono wa bibi haufiki huko juu."

Wanacheka wote, na yeye anacheka nao.

Huyo ndiye Futi. Jina alipewa humuhumu, maana akilitazama kochi kwa jicho tu atakwambia litakula mita ngapi za kitambaa, na ukienda kupima utakuta kakosea kwa vidole viwili. Kazi alifundishwa na mjomba wake, mwenye karakana, na kwa miaka mitano yeye ndiye aliyesimama kwenye meza ya kukata. Meza hiyo, uelewe, si ya kila mtu. Mkasi ukipotea njia pale, kitambaa hakirudi dukani. Fundi wa meza hiyo akichelewa, karakana nzima inakaa inapiga soga.

Maumivu yalimjia taratibu. Hakuanguka, hakubeba kitu kizito. Kiuno kilianza kukaza alfajiri. Akalisingizia godoro, akanunua jingine. Yakashuka hadi makalioni, leo kulia, kesho kushoto. Muuza dawa wa mtaani akampa vidonge. Vilituliza, vikaisha, yakarudi. Kwenye zahanati alikaa kwenye benchi asubuhi nzima, akaonwa kwa dakika nne.

"Wewe bado kijana," aliambiwa. "Umejitegua kazini tu. Pumzika."

Akapumzika kwa mama yake siku tatu. Siku ya nne mama alimvuta kwa mikono miwili ndipo akatoka kitandani.

Sasa, mafundi makochi wana imani yao: hakuna mwili uliowahi kuishinda sponji nzuri. Mtu akiumwa, mpe mahali laini. Basi Jumamosi moja, Futi akiwa hayupo, walikesha wakimtengenezea kiti. Mbao ngumu, springi mpya, sponji mbili moja juu ya nyingine, na kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Jumatatu wakamkalisha huku wakipiga makofi.

"Kaa hapa mwanangu, ushone vifungo," mjomba alimwambia. "Meza ataishika Mrefu. Ukipona, utaikuta palepale."

Futi alitokwa na machozi, na yalikuwa ya shukrani. Akakaa. Akakaa mwezi, akakaa miwili. Kila akiinuka, kiuno kilikuwa kibaya kuliko alipokaa. Lakini wakimuuliza, "Vipi kiti?" alijibu, "Kitamu." Ungewaambiaje watu waliokesha kwa ajili yako kwamba zawadi yao inakuua?

Halafu ikaja siku ya lori. Sponji za oda kubwa zilifika asubuhi na mvua ilikuwa inanukia, kwa hiyo kila mtu alitoka mbio kushusha. Futi naye akatoka. Sponji ni nyepesi, si kama mbao. Alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, na ilipofika saa sita mchana alikuwa amesimama wima, anawatania wapakuzi, ana kiuno cha mtu wa umri wake.

Mrefu akatua mzigo wake, akamtazama.

"Ala! Kumbe bibi alikuwa anatuigizia!"

Safari hii hakuna aliyecheka sana. Futi alimwona mjomba akigeuza uso, akaelewa kwamba naye ameamini. Kesho yake alipofika tena ameshika mlango, hakuna aliyemwambia shikamoo.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," mama yake alisema jioni hiyo. "Waache waseme. Ila hospitali kubwa utakwenda, na utaeleza kila kitu."

"Mama, nikisema mgongo unapoa nikifanya kazi na unauma nikipumzika, si daktari ataniita mvivu kichaa?"

"Kwani umeshawahi kumwona mvivu anayeumwa akilala?"

Daktari alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Futi alimweleza alfajiri, makalio, vidonge. Habari ya lori akaimeza. Daktari akauliza kama ana ganzi miguuni, kama mkojo unamsumbua, kama anapungua mwili. Hapana, hapana, hapana. Kisha akaweka kalamu chini.

"Ukipumzika, inakuwaje?"

Futi akainamisha kichwa kama aliyekamatwa. "Inazidi."

"Na ukitembea?"

"Daktari, usinicheke. Inapungua. Juzi nilishusha lori zima nikapona mchana ule."

Daktari hakucheka. Alichukua kalamu na kuandika mistari mirefu kuliko yote aliyokwisha kuandika.

"Hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo," alisema. "Migongo mingi huuma kwa kuchoka au kujitegua, na mingi hupoa yenyewe baada ya wiki chache. Wako una zaidi ya miezi mitatu, umeanza ukiwa kijana, unakaza asubuhi, unalegea kwa mwendo. Kuna ugonjwa wa namna hiyo, maungio ya chini ya mgongo yanavimba kwa ndani. Sijasema unao. Tutapima damu, tutapiga picha, na utamwona daktari wa maungio baada ya wiki tatu. Mpaka hapo, usikae muda mrefu. Inuka, nyooka, tembea."

Kesho yake Futi aliingia karakana akamwendea mjomba moja kwa moja, akamsimulia yote, hata lile la kiti. Mjomba alisikiliza akifunika kinywa kwa kiganja.

"Basi sisi ndio tuliokuwa tunakumaliza," alisema hatimaye.

"Mlinipenda, Mjomba. Lakini naomba meza yangu."

"Leo?"

"Leo."

Mrefu alikuwa pale mezani, mkasi mkononi, anaangalia chini. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha maua cha makochi arobaini ya hoteli, hakijaguswa.

"Majibu hayajatoka, mwanangu," mjomba alisema polepole. "Kila asubuhi nakuona umeshika mlango. Ukidondoka hapa na mkasi ule, nitamwambia nini dada yangu?"

"Na nikibaki kitini utamwambia nini?"

Mjomba alinyoosha mkono, Mrefu akampa mkasi. Akabaki ameushika hivyo, hakuutoa wala hakuuweka chini. Ungekuwa wewe ndiye mjomba, ungempa?