Sauti ya Matanga

Watu walionijua zamani wakikutana nami sokoni Suna hunitazama kutoka juu mpaka chini, kisha huuliza swali lile lile: siku hizi uko wapi? Niko nyumbani. Nashona nguo. Tena nashona nikiwa na mtoto mgongoni, nimemfunga kwa leso ya maua, fundo liko hapa kifuani, na anayetaka kucheka asogee karibu nimsikie vizuri.

Kwa miaka tisa nilikuwa msomaji wa matangazo ya vifo katika kituo kidogo cha redio hapa Migori. Sikusoma habari wala michezo. Nilisoma vifo, mara mbili kwa siku, na kwetu tangazo la kifo si jambo la dakika moja. Unamtaja marehemu, unamtaja baba yake, unawataja wake zake kwa mpangilio walivyoolewa, kisha watoto, wakwe, mashemeji, na yule mjomba aliyeko Mombasa ambaye hajarudi nyumbani tangu azaliwe mwanawe wa kwanza. Ukimruka mtu mmoja, jioni utamkuta mlangoni pa kituo akikungoja.

Mungu alinipa sauti nzito, inayotoka pole pole, na mimi nikajivuna nayo kama mtu aliyejinunulia mwenyewe. Kina mama waliniambia nilikuwa nawaliza hata kwa watu wasiowajua. Tatizo lilikuwa nje ya studio. Nikimpigia rafiki simu kumjulia hali tu, aliuliza kwanza, "Amekufa nani?" Nikiagiza chai na mandazi, mwenye hoteli alijishika kifua kabla sijamaliza. Mke wangu anasema siku nilipomwomba tuoane alidhani nimekuja kumwambia kuhusu bibi yake. Alipogundua bibi ni mzima alifurahi mno, ndipo akakubali.

Kilichoniondoa redioni ni kosa langu mwenyewe, sitamsingizia mtu. Mzee mmoja alikuja kutangaza kifo cha ndugu yake. Katika karatasi aliandika jina lake mwenyewe juu, kwa herufi kubwa, kwa sababu ndiye mkubwa wa boma, na jina la marehemu akaliweka chini. Mimi nikasoma la juu. Nikalisoma vizuri sana, nikatulia baada yake kama inavyotakiwa, nikaendelea na wake zake wote watatu.

Wakati huo mzee alikuwa Ogwedhi mnadani, anatafuta ng'ombe wa matanga ya ndugu yake. Kesho yake alirudi akivuta fahali kwa kamba, akakuta hema mbili zimesimama, wake zake hawana sauti kwa kulia, na jirani ambaye hawakuwa wamesalimiana naye miaka mingi yuko katikati ya hotuba kuhusu ukarimu wake. Mzee alisikiliza hotuba mpaka mwisho kabla ya kujitokeza. Baadaye alikuja kituoni na ndugu zake sita, wakadai nimrudishe hewani akiwa hai. Nikamrudisha. Nikasoma, "Tunafurahi kuwatangazia kwamba mzee ni mzima wa afya." Lakini nilisoma kwa sauti ile ile, maana sina nyingine, na wale waliokuwa hawajaondoka nyumbani nao wakaondoka kwenda matangani.

Niliandika barua ya kuacha kazi kabla sijaandikiwa. Nikaapa pia kwamba sauti ile sitaitumia tena maisha yangu yote. Nikaanza kuongea kwa sauti nyembamba ya puani, mpaka mke wangu akanishauri nimeze asali.

Ushonaji nilijifunza kwa mama mmoja fundi hapa Suna, aliyenivumilia miezi mitatu na kunipa baraka zake haraka kuliko alivyowapa wengine, nadhani ili niondoke. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kanzu kumi na mbili za kwaya ya kanisa letu. Nilikata kitambaa chote kwa siku moja, kwa furaha. Jumapili kwaya ilipoinua mikono kumsifu Mungu, mikono kumi na miwili ya kulia ilipanda juu, na kumi na miwili ya kushoto ikabaki njiani. Nilitoka nje kabla ya sadaka. Mambo mengine yanaendelea vile vile. Bado nacheza drafti kwa vifuniko vya soda barazani kwa jirani, na bado nafungwa. Sukuma wiki nilizopanda kwenye magunia zinawanufaisha kuku wa nyumba tatu.

Na katikati ya hayo yote tukapata binti.

Mke wangu ni Mkuria, mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu na kwetu. Kijaluo changu na Kikuria chake havijapatana, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili, na mtoto naye akachagua lugha yake: kulia. Alilia tangu siku ya kwanza. Kwa mama yake alinyamaza akishashiba. Kwangu hakunyamaza hata akishiba. Nilimbeba, nikamtembeza, nikamwimbia kwa ile sauti yangu ya puani, naye alinitazama kama mteja wa kanzu kisha akaongeza. Nilimpenda mtoto huyu kiasi cha kunitia hofu, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hanitaki.

Likizo ya uzazi ilikuwa inakwisha. Jumatatu mwalimu anarudi darasani. Mpango wetu ulikuwa rahisi: mimi nimeshaacha kazi ya kuajiriwa, cherehani iko sebuleni, basi mimi nitabaki na mtoto, na mama yake atakuwa anakuja kunyonyesha wakati wa mapumziko. Mpango mzuri, ila kwa jambo moja: baba mtu hawezi kumnyamazisha mtoto.

Jumamosi mama yangu alifika kutoka Ndhiwa, upande wa Homa Bay, akiwa na leso mpya na kikapu kitupu. Nilipokiona kile kikapu nilijua. Mila zetu hazimruhusu mama kulala katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mama yangu hajawahi kuzivunja, hata mvua ikinyesha namna gani. Huja asubuhi, hunywa chai, na alasiri huondoka. Kwa hiyo hakuwa na njia ya kuja kukaa nasi atulelee mtoto. Angeweza tu kumchukua.

"Nitakaa na yeye mpaka atembee," alisema, akikiweka kikapu mezani. "Nyar Kuria, wewe utakuwa unakuja Ijumaa."

Nyar Kuria, binti wa Kuria, ndivyo anavyomwita mke wangu, na kwa kawaida humwita kwa mapenzi. Siku hiyo mke wangu aliinamisha kichwa tu. Kunyonyesha mara moja kwa wiki si kunyonyesha, na sote watatu tulijua. Lakini mtoto alikuwa mikononi mwangu, analia, na hakuna aliyeweza kusikia hoja yangu.

"Mama, nipe nafasi," nikasema. "Akininyamazia leo kabla hujaondoka, abaki."

"Hii mtoto inalia jina," akajibu. "Mlimpea jina ya kanisa, mkampea jina ya cheti. Ya nyumbani iko wapi? Kuna mtu wetu huko chini anataka kurudi na nyinyi mmemfungia mlango."

Hili nalo ni la kwetu. Mtoto akilia bila sababu, huitwa majina ya wazee waliokufa, moja moja, na atakaponyamaza ndipo penye jina lake. Mama alitoa kifuani ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Alijifunza kuandika ukubwani, katika darasa la jioni la kanisa, na tangu hapo anaandika kwa fahari, hata kama ni kuagiza chumvi na kiberiti.

"Soma," akasema.

"Mama, wewe unawajua wote kwa kichwa."

"Macho yangu mbaya."

"Kwa kichwa hakuhitaji macho."

"Wuoda, mwanangu, wewe kazi yako ni gani?"

"Nashona."

"Aa! Soma."

Nikasoma. Nilianza na nyanyake baba, kwa ile sauti yangu nyembamba. Mtoto akalia. Nikaenda kwa shangazi yake mama. Akalia zaidi, akajikunja mgongo.

"Unawaita kama mtu anaogopa mbwa ya jirani," mama akasema. "Hao watu wamekufa siku mingi, hawasikii hiyo. Toa ile sauti yako."

"Ile niliiacha."

"Basi mimi ninaenda na mtoto."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameshaanza kupanga nguo kikapuni: magauni mawili, kofia, na kile kisweta nilichokishona mwenyewe, chenye mkono mmoja mfupi. Alikikunja kwa uangalifu, akauingiza ule mkono mfupi ndani usionekane. Hapo nilishindwa. Nilitaka kulia kuliko mtoto.

Nikavuta pumzi, nikaitoa sauti.

Ilitoka yote, kama vile haijapumzika siku hata moja. Nikamsoma dada yake babu, na ubini wake, na kijiji alikoolewa. Nikatulia. Nikamsoma mke mkubwa wa babu. Nikatulia. Mtoto alipunguza kidogo. Nikamsoma shangazi aliyekuwa akiuza samaki, mbuta na omena, na kilio kikawa kwikwi. Jirani upande wa pili wa ukuta alizima redio yake. Mimi nimefundishwa kusoma karatasi mpaka neno la mwisho, na mkono wangu ulitembea chini mpaka kwenye jina la mwisho, nikayasoma majina yake yote matatu, kwa uzito wake, nikatulia baada yake kama inavyotakiwa kwa mtu mkubwa.

Mtoto akanyamaza. Alinitazama, mdomo wazi, akashusha pumzi ndefu, akalaza shavu lake kifuani pangu.

Sijawahi kufurahi namna ile. Furaha yenyewe ilidumu mpaka nilipoinua macho. Mke wangu alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameketi wima. Nikaitazama tena karatasi. Mama yangu hatoi karatasi bila kuandika jina lake chini, hata ile ya chumvi na kiberiti. Miaka yote nimeziona. Na sasa nilikuwa nimemsoma, katikati ya wafu, kwa sauti ile, akiwa hai na kikombe cha chai mkononi.

"Umeniua," akasema.

"Mama, samahani. Sikuangalia—"

"Yule mzee wa ng'ombe hakukutosha? Sasa ni mimi?"

Nilitaka kumweleza ukweli. Ukweli ni kwamba mtoto alikuwa ameanza kutulia majina mawili kabla ya lile la mama. Hakunyamaza kwa sababu ya jina. Alinyamaza kwa sababu ya ile sauti, na nadhani ningemsomea maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni angelala vile vile. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemficha sauti ya baba yake. Nilifungua mdomo niseme, mama akainua mkono.

Kisha akacheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye leso mpya, akasema ai yawa, ai yawa, na mke wangu naye akashindwa kujizuia. Mimi sikuthubutu kucheka, nisimwamshe mtoto.

Alipomaliza alikuja akainama juu ya mtoto, akamwita kwa lile jina nililolisoma, la kwake yeye mama, taratibu, kama anayemsalimu mtu wa kwao aliyemkuta mbali na nyumbani. Alifuta macho. Akakigeukia kikapu, akatoa nguo moja moja: kofia, magauni, na kisweta changu, ambacho alikitazama kwa muda bila kusema lolote, nami nikamshukuru.

"Tangu uoe mimi sijalala kwa nyumba yako," akaniambia. "Siwezi, ni mbaya. Nafika, nakunywa chai, naenda. Kila siku ni hivyo."

"Najua, mama."

Akamfunika mtoto mgongo kwa ile leso yenye chai, akaiingiza vizuri chini ya mkono wangu.

"Leo nitalala," akasema, akimgusa mtoto shavu. "Unifunike vizuri, hii Migori yenu iko na baridi."

Kisha akachukua kikapu chake kitupu, akaenda kutafuta gari la Ndhiwa.